Nachoma Makala Ili Niache

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita. Baraka.

Leo nimepigiwa makofi na ukumbi mzima wa parokia. Nimerudi nyumbani na njaa.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu wiki jana redio ya hapa inatangaza Mfuko wa Mapito. Ni fedha za umma, za serikali na wafadhili wake, kwa ajili ya maeneo ambayo watu wake wanaishi kwa kukata miti na kuchoma makala, yaani makaa ya jikoni. Fizi yetu imo. Wanataka moshi upungue, msitu upumue, na wanaoacha kazi ya makala wasife njaa. Watapewa mizinga ya nyuki, miche, mafunzo, vyombo. Redio ilipotaja vyombo, niliacha kula.

Nikavaa shati la sikukuu, nikawahi ukumbini. Madame Merveille, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, aliyetumwa kutoka Bukavu, akaeleza yote vizuri. Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi ni Placide, nachaji simu za watu pale sokoni kwa paneli ya jua, sijawahi kutoa hata moshi wa sigara. Nikauliza mtu safi namna hii Mfuko umemwandalia nini. Madame akajibu kwamba mimi ni mfano wa kuigwa, kwamba nimekwisha kufika kule ambako wengine ndiyo kwanza wanaanza kwenda. Akaomba watu wanipigie makofi. Wakapiga. Nikaendelea kusimama, nikingoja kitu kingine. Hakikuja.

Na Useni je? Useni ni jirani yangu, mwenye boti ya injini, anayepeleka magunia ya makala Uvira tangu sijaoa. Yeye aliwekewa kiti cha mbele na chupa ya maji. Padri huwa anasema mbinguni wanamfurahia zaidi yule anayetubu. Kumbe na hapa mjini Baraka ni hivyo hivyo.

Basi nimeamua. Nitatubu. Shida ni kwamba kutubu kunataka dhambi, na dhambi ya makala mimi sina. Itabidi niitafute haraka.

Jumanne, tarehe 4

Nimemdokezea mke wangu Félicité, kwa mbali sana, kwamba kuna nafasi imejitokeza. Hakuuliza nafasi gani. Aliitazama frigo.

Hiyo frigo ndiyo kidonda cha nyumba hii. Niliinunua waliposema umeme unakuja, ili niwauzie wavuvi barafu. Umeme bado uko njiani. Frigo imekuwa kabati: nguo za watoto chini, sahani za wageni juu. Kabla ya frigo kulikuwa na bata. Kabla ya bata kulikuwa na sabuni ya mawese ambayo haikutoa povu hata kwa maombi. Félicité anazikumbuka zote kwa mpangilio, kama watakatifu wa litania.

Akaniambia leo, huku anapepeta mchele, bila kupandisha sauti: "Baba Furaha, mupango ingine moja tu, moja, na mi nabeba batoto napanda kwa mama, kule Lubondja. We utabakia na frigo yako." Nikacheka. Hakucheka. Nikaacha kucheka.

Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo naandika ukweli. Sitaki aende. Naogopa sana asije akaenda. Ndiyo maana mpango huu lazima ufaulu.

Jumatano, tarehe 5

Nimeanza kwa kumpunguza Useni. Vita huanza na adui wa karibu.

Nilikwenda pale Madame Merveille alipofikia, nikamwambia kama raia mwema kwamba Useni si mtu wa makala kweli. Nikasema boti yake siku hizi inabeba maharage, chumvi, hadi viti vya plastiki. Makala ni kidogo tu, pale kwenye kona. Nilitaka anyang'anywe kiti cha mbele. Madame alisikiliza kwa makini, akaandika kila neno.

Jioni redio imetangaza kwamba Useni amewekwa kwenye kamati ya Mfuko, kwa sababu ameanza mapito kwa hiari yake kabla hata ya kuambiwa. Akaja mwenyewe kunishukuru. Alisema Madame alimwambia ni nani aliyemsifu. Akaniletea samaki wawili wakubwa aina ya mikeke, akasema: "Jirani, we uko na roho ya muzuri, hata mi sikujua."

Nimekula samaki wake. Alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamisi, tarehe 6

Habari muhimu kutoka kwa Useni, ambaye sasa ananisimulia kila kitu kama ndugu. Kamati itapanda mlimani Lubondja Jumatatu tarehe 17. Itatembelea watu kwenye matanuru yao ya makala. Anayekutwa na tanuru lake, na akaapa kuliacha, ndiye anayeingia.

Nahitaji tanuru huko Lubondja kabla ya tarehe 17.

Na Lubondja namjua mchoma makala mmoja tu. Mama Marthe. Mama yake Félicité. Mama mkwe wangu.

Nimekaa chini kidogo kabla ya kuendelea kuandika. Katika ukoo wa mke wangu bado wanaishika desturi ya ukwe kama wazee wao walivyoishika. Mimi na mama mkwe hatusemeshani moja kwa moja. Hatuli pamoja. Hatukai penye kivuli kimoja. Tukikutana njiani, mmoja anaingia majanini, anageuza uso, mpaka mwenzake apite. Na akisema neno mbele ya watu, mkwe halipingi, hata kama amesema jua linatoka milimani linazama ziwani. Kwa hiyo tangu nioe, nimemwona mgongo mara nyingi kuliko uso.

Hata hivyo nimemwambia Félicité kwamba nataka kwenda kumsaidia mama yake kazi, maana amezeeka. Aliweka mwiko chini. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa. Kisha akatabasamu, akaenda kunifungia nguo.

Lile tabasamu limenisumbua siku nzima. Ningependa zaidi angenitukana.

Jumamosi, tarehe 8. Lubondja.

Nimefika kwa pikipiki ya kukodi ya Bertin. Vumbi hadi kwenye meno. Bertin aliuliza nakuja kufanya nini, nikasema heshima ya ukwe. Akacheka njia nzima, hata kwenye makorongo.

Mapokezi yalikuwa makubwa. Mama mkwe alikaa ndani, nyuma ya mlango ulio nusu wazi. Mimi nilikaa nje, nimeelekea kwenye banda la mbuzi. Kati yetu alikaa shemeji Néhémie, kaka yake Félicité, mtu wa utani ambaye hana haraka. Kazi yake ilikuwa kurudia maneno ambayo sote wawili tulikwisha kuyasikia.

Sauti ndani ikasema, ambia mukwe karibu. Néhémie akanigeukia: "Mama anasema karibu." Nikamwambia mbuzi kwamba nimekaribia. Néhémie akageukia mlango: "Mukwe anasema amekaribia." Tukaendelea hivyo hadi kuulizana habari za watoto wote, mmoja mmoja. Wanangu ni wengi. Sikuwahi kuona kama ni wengi kiasi hicho.

Mwishowe nikasema nimekuja kuchoma tanuru, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Kisha mama mkwe akasema, kwa njia ya Néhémie, kwamba miti ya karibu imekwisha. Zamani tanuru lilikuwa nyuma ya nyumba, sasa kutafuta miti ni asubuhi nzima ya kupanda. Magoti yanamuuma. Kifua kimejaa moshi. Angetaka kuacha, ila anaogopa, maana mwenye kuacha makala atakula nini? Amebakiza lundo moja la mikaratusi ya marehemu mume wake, kule chini mwisho wa shamba la mihogo. Kama mkwe ana nguvu, alichome hilo.

Moyoni nilikuwa nasema: mama, usiache sasa hivi, tafadhali, ngoja kwanza niache mimi. Kwa mdomo nilisema asante. Néhémie akapeleka asante.

Jumanne, tarehe 11

Sina mgongo tena.

Nani alisema kuchafua hewa ni rahisi? Unapanga magogo, makubwa ndani, madogo juu. Unafunika kwa majani mabichi. Unafunika majani kwa udongo. Udongo unaanguka. Unafunika tena. Mikono yangu imezoea waya za kuchaji simu, si jembe. Malengelenge yamepasuka, na hayo yaliyopasuka yamezaa mengine.

Lakini limesimama! Tanuru langu! Limeinama kidogo upande wa ziwa. Nimelitia moto, moshi mweupe mzito ukatoka, na mimi nikapiga picha. Mimi na tanuru. Mimi nimeegemea tanuru. Mimi nakohoa mbele ya tanuru. Kamati ikitaka ushahidi wa dhambi, itachoka yenyewe.

Nilipogeuka nikaona kitambaa cha kichwa kinapotelea nyuma ya mihogo. Nadhani alikuwa mama mkwe anapita.

Alhamisi, tarehe 13

Kuna vita hapa na hakuna aliyeitangaza.

Jana mchana nilitoboa tundu upande wa juu wa tanuru ili lipate hewa. Kila kitu kinataka hewa. Nikaenda kwa Néhémie kula. Niliporudi, tundu limezibwa kwa udongo mbichi, limepigwapigwa kwa kiganja. Nikalitoboa tena. Nikaenda kuoga. Limezibwa tena.

Leo nikajificha nyuma ya kichuguu nione. Akaja yeye, polepole kwa sababu ya magoti, ana beseni la udongo kichwani. Akalizunguka tanuru. Akatikisa kichwa. Akaziba. Kisha akavuta gogo, akakaa palepale kulilinda. Sasa, mkwe hawezi kutokea penye mama mkwe amekaa. Hawezi kupiga kelele kutoka kichuguuni. Nilibaki pale jua likinichoma, naangalia tanuru langu likilindwa dhidi yangu. Siafu walinikuta. Sikuweza hata kupiga yowe.

Alipoondoka nikatoka nikikuna, nikatoboa tundu kubwa kuliko yote. Kanuni ni kanuni.

Nilimwomba Néhémie amwambie mama, kwa heshima zote, kwamba tundu langu lina maana yake. Néhémie akasema mama amekwisha kumtuma kwangu na ujumbe kuhusu hilo hilo tundu, lakini hataki kuubeba, maana yeye ni shemeji, si balozi wa udongo. Kesho kutwa anakwenda soko. Tumalizane wenyewe.

Jumamosi, tarehe 15

Naandika na nyusi nusu. Nyusi nyingine imeungua.

Asubuhi Néhémie alikwenda soko. Mimi nilikuwa nyumbani kwake nakunywa uji. Nikatazama chini kuelekea mihogo. Moshi haukuwa mweupe tena. Kulikuwa na ulimi mwekundu unatoka mahali penye tundu langu.

Nikakimbia. Kutelemka kwenye tanuru kuna njia moja tu, nyembamba, mihogo huku na mihogo huku. Na pale njia inapoanza, nani anafika kutoka upande wa pili, na beseni lake la udongo? Mama mkwe.

Tulisimama sote wawili kama tumegongwa.

Nikafanya lililo wajibu. Nikaingia kwenye mihogo ya kulia, nikageuza uso, ili mama apite. Nikangoja. Sikusikia hatua. Nikachungulia chini ya kwapa. Yeye naye alikuwa ameingia kwenye mihogo ya kushoto, amegeuza uso, ananingoja nipite mimi. Na mjumbe wetu yuko soko!

Nikauambia muhogo uliokuwa mbele yangu kwamba mkubwa ndiye hutangulia. Mama mkwe akaueleza muhogo wake: "Mwenye iko na magoti mazima ndiye apite, moto haingoje." Nikauambia muhogo wangu kwamba mkwe mwenye adabu hampi mama mgongo. Akauambia muhogo wake kwamba mama mwenye adabu hapiti karibu na mkwe wake, watu wasije wakaona. Watu gani? Tulikuwa sisi, mihogo na moto.

Sijui tulikaa pale kiasi gani, tukiheshimiana. Tulisikia tanuru linapasuka. Tukasikia linaanguka. Kila mmoja akasema "Eh!" kwa muhogo wake. Ndipo Néhémie, aliyeuona moto kutoka juu njiani, akaja mbio akapita katikati yetu na tawi bichi. Hapo nami nikapata nafasi ya kumfuata, kwa kuwa nilikuwa nafuata shemeji, si kumpita mama. Ndipo nyusi ikaondoka.

Mikaratusi yote ya marehemu imekuwa majivu. Makala tuliyookoa hayajazi ndoo. Mama mkwe alikaa kwenye gogo lake, kwa mbali, akatazama majivu kwa muda mrefu. Hakusema neno, hata kwa muhogo. Nimeona aibu. Aibu ya kweli, siyo ile ya kuandika. Lilikuwa lundo lake la mwisho na mimi nililitaka kwa sababu ya kusimama nalo kwenye picha.

Ila nimekumbuka kwamba picha ninazo. Hakuna aliyesema lazima tanuru liwe zima.

Jumatatu, tarehe 17

Kamati imekuja.

Nilijipanga kando ya majivu tangu asubuhi, simu mkononi, sentensi imeiva mdomoni: hili ni tanuru langu, mimi ni mchoma makala, naapa kuacha. Gari likasimama juu. Akashuka Madame Merveille. Akashuka Useni, na koti. Kisha Useni akampa mkono mtu wa tatu ateremke vizuri. Félicité. Kumbe jirani yangu mwema alimwambia kuna nafasi kwenye gari, aje aone kazi nzuri ya mume wake.

Nikisema tanuru ni langu, Félicité anaelewa palepale kwamba ni mupango ingine. Nisiposema, nimebeba magogo bure, na nyusi imekwenda bure.

Kijiji kilikuwa kimejaa. Madame akauliza hapa palikuwa na tanuru la nani. Nikafungua mdomo.

Mama mkwe akasema kwanza. Alikuwa amesimama nyuma ya Néhémie, amenigeuzia ubavu kama inavyotakiwa. Néhémie akapaza sauti:

"Mama anasema, hii tanuru ilikuwa yake, na ilikuwa ya mwisho. Kuni yake, shamba yake. Anasema magoti ilimushinda, kifua ilimushinda, lakini aliogopa kuacha peke yake. Mukwe wake akatoka Baraka, akapanga, akachoma yote mpaka majivu, kusudi mama asirudilie tena hii kazi. Anasema, bakwe ya siku hizi banatuma salamu na simu. Huyu alileta mikono."

Sentensi yangu bado ilikuwa mdomoni, inaanza kuoza. Kupinga neno la mama mkwe mbele ya watu ni kitu ambacho watoto wa watoto wangu wangetaniwa nacho. Na Félicité alikuwa ananitazama. Hajanitazama hivyo tangu kabla ya bata.

Nikafunga mdomo. Bamama wakapiga vigelegele. Madame Merveille akafuta macho, akasema Mama Marthe ndiye wa kwanza Lubondja kuingia kwenye Mfuko. Atasimamia kitalu cha miche, na mizinga ya nyuki itawekwa palepale chini. Akasema hata majivu yatafaa udongo. Kisha akaomba watu wanipigie makofi. Mara ya pili mwezi huu! Useni alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Nilidhani yamekwisha. Madame akauliza, kwa magoti yale, maji ya kumwagilia miche kiangazi chote yatapandishwa na nani kutoka mtoni. Mama mkwe akamnong'oneza Néhémie. Néhémie akanitazama kwa furaha isiyo na huruma.

"Mama anasema, mukwe wake amekwisha kukubali."

Nimekubali. Ningefanya nini?

Jumanne, tarehe 18

Tumerudi Baraka, mimi na Félicité, na Bertin akituangusha kila korongo. Félicité alingoja mpaka mahali ambapo ziwa linaanza kuonekana. Hapo akamwomba Bertin asimame, akaniita pembeni. Akasema ana ujumbe kutoka kwa mama.

"Mama anasema, ambia Placide mi nilijua tangu siku ya picha. Mutu mwenye anasaidia bakwe hajipige picha na tanuru. Anasema, aache kudanganya. Lakini kuja, asiache."

Nikauliza kama na yeye Félicité alijua. Akasema alijua tangu aliponishika paji la uso akakuta hakuna homa. Nikauliza basi kwa nini alinifungia nguo. Akasema mama yake alikuwa akilia kwenye simu kila Jumapili kwa ajili ya lile lundo la mwisho. Alishindwa kulichoma, alishindwa kuliacha, na hakuna mtoto aliyepanda kumsaidia, hata yeye. Akasema mwongo naye ana mikono miwili.

Nikasema nina vumbi machoni. Njia ya Lubondja ina vumbi kweli, kwa hiyo haukuwa uongo mkubwa. Akanipangusa kwa pembe ya kitenge chake. Nyusi nzima na ile nyingine.

Nikauliza kama bado atahamia kwa mama yake. Akasema hapana. Anayehamia kwa mama ni frigo.

Jumatano, tarehe 26. Lubondja.

Frigo imepanda na lori la chumvi. Imewekwa kwenye kivuli karibu na kitalu, mdomo juu. Naijaza maji ya mtoni asubuhi na jioni, na miche inanyweshwa kutoka humo. Mama mkwe anakuja nikiondoka, mimi nakuja akiondoka. Leo nilikuta kwenye kifuniko cha frigo bakuli la ugali na sombe ya majani ya muhogo, limefunikwa kwa jani. Nililitazama nikiwa peke yangu, nikala nikiwa peke yangu, na nikafurahi kuliko nilivyotarajia.

Huku mlimani asubuhi maji yanakuwa baridi sana. Nimetia mkono nikahakikisha. Frigo yangu hatimaye imepoza kitu.

Jumapili, tarehe 30. Baraka.

Sikukuu ya Uhuru. Wali, nyama, watoto na nguo mpya ambazo hazina pa kuwekwa. Félicité anaimba jikoni. Useni amekula kwetu. Amani tele.

Baada ya chakula redio imesema. Mfuko wa Mapito unafungua mlango wa pili. Safari hii ni kwa wanaokausha samaki kwa moshi wa kuni pale Lweba. Atakayekutwa na pipa lake la moshi, na akaapa kuliacha, atapewa kikaushio cha jua chenye paneli. Paneli mpya! Kubwa kuliko yangu!

Mimi samaki sijawahi kumkausha. Pipa sina. Lakini nimekumbuka kwamba mama mdogo wa Félicité anaishi Lweba, palepale ufukweni, na kazi yake ni samaki. Naye ni mama mkwe kwangu, desturi ni ile ile. Nimemwambia Félicité kwamba nimemfikiria sana mama mdogo, na kwamba nasikia magoti yake pia siku hizi si mazuri. Félicité ameacha kuimba. Amekuja amenishika paji la uso.

Hajui kwamba mimi wa leo si yule wa mwanzo wa mwezi. Lubondja imenifundisha. Kosa nimeliona na sitalirudia: pipa la Lweba nitaliweka mahali penye njia mbili.